Mti wa Mwana Mpotevu: Mkarobu katika Picha na katika Vitabu vya Mimea

Kisa cha mwana mpotevu, kilichoandikwa katika mlango wa 15 wa Injili ya Luka, chajulikana na kila mtoto aliyepita shuleni petu. Hujua jinsi kijana yule alivyotapanya urithi wake, jinsi njaa ilivyoingia katika nchi ya ugenini, na jinsi alivyofikia kukitamani chakula cha nguruwe. Lakini watoto wakiulizwa chakula hicho kilikuwa nini, wote hujibu, “Maganda”; na wakiulizwa tena, “Maganda ya nini?” hapo majibu huachana. Huyu husema ya ndizi, yule ya mihogo, na mwingine ya mahindi. Wala hatuwezi kuwalaumu, kwa kuwa hata picha za kisa hicho zilizofanywa na mafundi wakubwa wa Ulaya haziwaonyeshi. Basi twapenda katika kurasa hizi kuuchunguza mti uliozaa maganda yale, na kuzipima kazi za waliouchora, na za wale ambao mti huu uliwahusu wasiuchore kabisa. Hatufanyi hivi kwa kutafuta makosa ya wafu, bali kwa kuwa picha ni mwalimu. Na mwalimu akikosa, wanafunzi wake hukosa pamoja naye.

Neno la Kiyunani lililo katika Injili ni keratia, maana yake vipembe. Ndivyo Wayunani walivyoliita tunda la mti mmoja wa nchi zao, kwa sababu limepindika kama pembe ndogo. Waarabu huuita mti huo kharrub, na Wazungu wengi wamelipokea jina lao kutoka kwa Waarabu. Nasi tutauita mkarobu, na tunda lake karobu. Wataalamu wa mimea huuita Ceratonia siliqua, jina alilolitia chapa Linnaeus wa Sweden mwaka 1753. Hustawi katika nchi zilizozunguka Bahari ya Kati: Palestina, Shamu, Kipro, Krete, Malta, Sisilia, Hispania, na pwani ya kaskazini ya Afrika.

Msomaji asiyeuona mti huu na aufikiri hivi. Ni wa jamii moja na mkwaju na kunde. Jani lake ni kama la mkwaju kwa mpango, maana vijani vyake huota jozi jozi, wala hakuna kijani kimoja kilichobaki peke yake mwishoni. Lakini ni vichache, jozi mbili hata tano, tena vipana, vinene, vyenye kung’aa. Majani hayapukutiki yote kwa pamoja, mti hukaa kibichi mwaka mzima. Ganda lake huwa na urefu wa sentimeta 10 hata 30, na likiiva huwa jeusi la kahawia. Tukila kunde, twatupa ganda na kula mbegu. Bali kwa karobu mambo hugeuka: ganda ndilo tamu lenye sukari, na mbegu ni ngumu kama kijiwe, hutupwa. Maua yake ni madogo yasiyo na petali, nayo hayaoti katika ncha za vitawi vichanga tu, bali hutoka katika mbao kuukuu za matawi na hata katika shina lenyewe, kama fenesi linavyotoka shinani. Iko miti dume na miti jike, kama mipapai, na mara nyingine mmoja huwa na hali zote mbili. Tena ganda huchukua karibu mwaka kukomaa, hata mti ukichanua wakati wa vuli ya nchi zile, maganda ya mwaka uliopita yangali yananing’inia juu yake.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ndiyo mizani tutakayoitumia. Mchoro wa mkarobu na upimwe kwa mambo manne: jozi za vijani zisizo na kijani cha mwisho, ua lililotoka katika ubao kuukuu, ua na ganda bivu juu ya tawi moja, na mti dume kutambulikana na mti jike. Mchoro ukiyaonyesha haya, twajua kwamba mchoraji aliuona mti, au alimsikiliza kwa makini aliyeuona.

Shahidi wa kwanza si mchoraji, bali ni mwandishi. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliyeishi zaidi ya miaka 280 kabla ya kuzaliwa kwa Kristo, alieleza kwamba mti huu huzaa juu ya shina, na kwamba tunda la zamani na ua jipya huonekana pamoja. Tena aliwasahihisha watu wa siku zake walioliita tunda hili tini ya Misri, akasema kwamba mti huo hauoti Misri, bali Shamu, Ionia, Knidos na Rodo. Katika mambo yetu manne, mawili alikwisha kuyasema bila picha yo yote. Baada yake, katika karne ya kwanza ya Kristo, Dioscorides mganga aliandika kwamba karobu mbichi hudhuru tumbo na kuliendesha, na ikikauka hulifunga. Maneno ya watu hawa wawili yalinakiliwa kwa muda wa miaka zaidi ya elfu. Ajabu yake ni kwamba yale ya dawa yalishikwa na wengi, lakini yale ya macho, yaani ua kutoka shinani, yalisahauliwa na wengi waliokuja kuchora.

Sasa tuwatazame wachoraji wa kisa chenyewe. Albrecht Dürer wa Nuremberg, yapata mwaka 1496, alichonga katika shaba picha ya mwana mpotevu kati ya nguruwe. Kijana amepiga magoti karibu na hori, mikono ameifumbata, na uso ameuinua. Nguruwe wakubwa kwa wadogo wamemzunguka, na nyuma yake yapo majumba ya shamba ya Kijerumani, yenye mapaa ya mteremko mkali. Giorgio Vasari wa Italia, aliyeandika habari za mafundi wa picha, alizisifu sana nyumba zile. Sifa hiyo ni ya haki. Kila ubao na kila unywele wa nguruwe umetazamwa kwa jicho lisilochoka. Lakini mkarobu haumo, wala usingeweza kumo, kwa maana baridi ya Nuremberg huua mti huu. Nguruwe wa Dürer hula walacho nguruwe wa Ujerumani.

Kadhalika Peter Paul Rubens, mwaka 1618, alichora picha ya kisa hicho ambayo sasa imo katika jumba la makumbusho la Antwerp. Mtu akiitazama kwa mara ya kwanza hudhani ni picha ya zizi tu. Wako farasi, wako ng’ombe, watumishi wanafanya kazi, na nuru ndogo yawaka ndani ya giza la paa. Mwana mpotevu yuko upande wa kuume, nusu uchi, amepiga magoti mbele ya mjakazi amwagiaye nguruwe chakula horini. Rubens alikuwa amekaa Italia miaka kama minane, wala hakukosa nafasi ya kuzijua nchi za jua. Hata hivyo alilichagua zizi la kwao.

Je, tuwahukumu watu hawa? Wapo watakaosema kwamba walikosa, kwa kuwa Palestina si Ujerumani wala Flanders. Sisi hatusemi hivyo. Mfano wa Bwana wetu haukutaja mji wala mwaka; ni wa kila mahali, na mchoraji aliyeuleta mlangoni pa watu wake aliwatendea wema. Mjerumani aliyeiona picha ya Dürer hakuweza kusema, “Hayo ni mambo ya mbali.” Aliliona zizi lake mwenyewe, na pengine alijiona mwenyewe. Kwa jambo hili twawasifu.

Lakini kipo kitu kilichopotea njiani, nacho si kidogo, maana ni kipimo cha njaa ya kijana yule. Mtu akifikiri kwamba maganda yale yalikuwa takataka, husema moyoni kwamba kijana alitamani uchafu, na kisa huwa kisa cha aibu tu. Lakini karobu si takataka. Ni tamu, ni chakula cha mifugo wakati wa shibe, na chakula cha maskini wakati wa njaa. Katika vita vya mwaka 1939 hata 1945, watu wa Malta na wa visiwa vya Uyunani walikula karobu walipokosa mkate. Basi kijana yule alitamani kitu kinacholiwa na watu, kilichokuwa tele mbele ya macho yake, na hata hicho hakupewa. Thamani ya nguruwe ilizidi thamani yake machoni pa bwana wake. Hili ndilo neno lichomalo katika kisa hiki, nalo halionekani katika hori la Dürer wala la Rubens. Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952 yasema maganda, na neno hilo si kosa, maana ganda la kunde nalo huitwa ganda. Lakini lahitaji mwalimu wa kulifafanua, asije mtoto akafikiri maganda ya ndizi yaliyotupwa jalalani.

Mkarobu una habari nyingine pia katika Maandiko, au tuseme kando ya Maandiko. Wajerumani huliita tunda hili mkate wa Yohana, kwa sababu watu wa zamani walidhani kwamba nzige alizokula Yohana Mbatizaji jangwani zilikuwa karobu, si wadudu. Nasi tulio katika nchi ambazo nzige huliwa hatuoni haja ya kumtafutia Yohana chakula kingine. Lakini jina hilo lilienea sana katika Ulaya, hata mtu angetazamia kuuona mkarobu katika picha za Yohana. Tazama picha ya Geertgen tot Sint Jans, iliyofanywa kama mwaka 1490, ambayo imo Berlin. Yohana ameketi ameshika tama, mwana-kondoo yuko karibu naye, na jangwa lenyewe ni malisho ya kijani kibichi yenye miti na maji ya Uholanzi. Ni picha ya utulivu mwingi, twaipenda. Lakini atakaye kuujua mti wa mkate wa Yohana asiutafute humo.

Tukiwaacha wachoraji wa visa, twafika kwa wachoraji wa vitabu vya mimea, na hapo hukumu yetu yageuka. Mchoraji wa kisa ana ruhusa ya kuuhamisha mti. Mchoraji wa mimea hana. Yeye ameahidi kwamba atakayeishika picha yake mkononi ataujua mti autazamapo porini. Akivunja ahadi hiyo, hana sifa nyingine ya kumwokoa, hata rangi zake zikiwa nzuri namna gani.

Pietro Andrea Mattioli, mganga wa Siena, aliandika maelezo ya kitabu cha Dioscorides sura kwa sura, na kwa hiyo mkarobu umo katika kazi yake. Toleo lake la Kilatini la mwaka 1554 lilikuwa na picha ndogo; kisha yakatoka matoleo yenye picha kubwa, Prague mwaka 1562 na Venice mwaka 1565, zilizochorwa na Giorgio Liberale na kuchongwa ubaoni pamoja na Wolfgang Meyerpeck. Kazi yao ina nguvu. Majani hulijaza bao lote hata pembeni, vivuli ni vizito, na mmea huonekana kama umebanwa dirishani. Lakini uzuri huo una gharama yake. Fundi aliyeazimia kulijaza bao lake huitii pembe ya bao kuliko anavyolitii tawi. Nafasi tupu iliyo kati ya majani, ambayo katika mti ni kweli, kwake ni upungufu. Hivyo mtu hujifunza umbo la jani na la ganda, asijifunze jinsi mti unavyosimama, wala mahali ua litokapo.

John Gerard wa London, aliyetoa kitabu chake kikubwa cha mimea mwaka 1597, ni mfano mwingine. Yeye aliuandika mkarobu, akasema kwamba alizipanda mbegu zake katika bustani yake zikaota vema. Twamsifu kwa kupanda. Maana mtu apandaye mbegu amekwisha kuanza kutazama. Lakini mche mchanga hauna ua wala ganda. Tena picha za kitabu chake, ambazo ni zaidi ya 1,800, karibu zote hazikuchorwa kwa ajili yake: zilipigwa kwa mbao zilizoazimwa Frankfurt, zilizokuwa zimekwisha kutumiwa mwaka 1590 katika kitabu cha Tabernaemontanus. Kwa hiyo msomaji wa Kiingereza aliyeifungua kurasa ya mmea alikuwa na maneno ya mtu mmoja na picha ya mtu mwingine, wala wawili hao hawakusimama pamoja mbele ya mmea. Wahenga walisema kwamba kusikia si kuona. Kunakili nako si kuona. Na lililo baya zaidi, kunakili hufanana na kuona, hata msomaji asitambue tofauti.

Ilichukua miaka karibu 300 tena kuifikia picha ambayo twaweza kuipa mwalimu bila woga. Mwaka 1887, katika mji wa Gera, Ujerumani, Franz Eugen Köhler alianza kutoa kitabu cha mimea ya dawa chenye picha za rangi zilizopigwa chapa kwa mawe, na mkarobu ni mmoja wa mimea yake. Hapo mpango ni mwingine kabisa. Tawi liko katikati, na kando yake zimewekwa sehemu za ua zilizokuzwa, na ganda na mbegu, kila kimoja na alama yake, ili msomaji asome maelezo na kuyafuata kwa kidole. Bao halijazwi kwa ajili ya pambo. Nafasi nyeupe imeachwa ifanye kazi yake. Wachoraji wa aina hii hawakutegemea jicho peke yake, bali na kisu cha mtaalamu kilichopasua ua, na kioo cha kukuzia.

Katika picha za namna hii liko jambo moja linalopendeza kufikiriwa. Desturi ya wachoraji wa mimea ni kuweka ua na tunda juu ya karatasi moja, ili msomaji avijue vyote. Kwa mimea mingi desturi hiyo ni uongo wa kusaidia. Atakayechora kichala cha maua ya mwembe kando ya embe lililoiva anafundisha vema, lakini mara chache sana ataviona viwili hivyo juu ya tawi moja. Kwa mkarobu, uongo huo hugeuka kuwa kweli, kama Theophrastus alivyokwisha kusema. Hapa desturi ya kitabu na desturi ya mti zimekutana. Lakini asiyeujua mti hawezi kulitambua hilo. Atadhani ni desturi tu, kama katika kurasa nyingine. Kwa hiyo hata picha ya kweli yaweza kusomwa vibaya, ikiwa haina mwalimu wa kusema, “Hili ndivyo lilivyo.”

Mbegu za karobu nazo zatufunza jambo hilo hilo. Neno karati, ambalo masonara hupimia vito, latoka katika keratia ya Wayunani kwa njia ya qirat ya Waarabu, kwa kuwa mbegu hizi zilitumiwa mizanini. Mwaka 1907 mkutano wa mataifa wa vipimo uliikata karati kuwa gramu 0.2. Kwa karne nyingi ilisemwa kwamba mbegu za karobu zilichaguliwa kwa kuwa zote zina uzito mmoja. Mwaka 2006 wataalamu walizipima, wakaona kwamba zinatofautiana kama mbegu za miti mingine. Usemi ule ulirithiwa kutoka kitabu hata kitabu, kama picha za mbao za Frankfurt, na dawa yake ilikuwa kuchukua mizani na kupima.

Yuko mchoraji mmoja wa karne ya 20 ambaye huenda msomaji akashangaa kumwona hapa, naye ni Joan Miró, aliyezaliwa Barcelona mwaka 1893. Jamaa zake walikuwa na shamba Mont-roig, katika nchi ya mikarobu, na husimuliwa kwamba alipenda kutembea na ganda la karobu mfukoni, hata alipokuwa ugenini. Katika picha yake ya mwaka 1923 na 1924, iitwayo Mandhari ya Katalunya, au Mwindaji, ambayo imo New York, mkarobu ni duara kubwa jeupe-jeupe, lenye jani moja na jicho moja. Tukiitia katika mizani yetu ya mambo manne, yaanguka mara moja. Hakuna jozi za majani, hakuna ua, hakuna ganda. Hata hivyo hatuiweki pamoja na kazi za wanakili. Miró aliuacha mti aliokuwa akiujua, akabakiza shina lililokatwa na jani moja, kama mtu amtajaye mama yake kwa neno moja tu. Kuacha kwa kujua si sawa na kukosa kwa kutojua. Lakini twakiri kwamba picha hiyo yampendeza zaidi aliyekwisha kuujua mkarobu. Asiyeujua hupewa duara, naye hana cha kulijazia.

Labda msomaji atauliza, mambo haya ya mti wa mbali yatuhusu nini? Yatuhusu. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba mkarobu hauna ndugu duniani. Mwaka 1980 mtaalamu Verdcourt, aliyefanya kazi Afrika Mashariki miaka mingi, pamoja na wenzake wawili, alitangaza aina ya pili, Ceratonia oreothauma, iotayo katika milima ya Oman na katika Somalia. Ndugu wa mti wa mwana mpotevu alikuwa amesimama miaka yote hiyo katika nchi ambazo majahazi yetu yamekuwa yakizijua tangu kale, wala vitabu havikuwa na habari zake. Bila shaka wachungaji wa milima ile walikuwa wakipumzika kivulini pake. Lakini hakuna aliyeuchora wala kuuandika kwa jina lake.

Basi twawaomba walimu wenzetu mambo mawili. La kwanza, mwalimu asomeshapo kisa cha mwana mpotevu asiyapite maganda upesi. Na awaambie watoto juu ya tunda tamu jeusi la jamaa ya mkwaju, alipitishe ganda la ukwaju mkononi mwao ili wapate mfano, kisha awaulize: mtu aliyenyimwa hata hiki, na kuwaona nguruwe wakipewa, alikuwa na hali gani? Watajibu vema kuliko walivyojibu juu ya maganda ya mihogo. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na mtoto ataelewa kwa nini kijana yule alirejea.

La pili, somo la kuchora na litoke nje ya darasa. Katika shule nyingi watoto huchora tufaha walilonakili kitabuni, hali mkwaju umesimama uani na mbuyu uko njiani. Na wakae chini ya mti, wahesabu jozi za vijani, watafute mahali ua litokapo, waandike mwezi na siku, kisha warudi mwezi wa pili yake watazame tena. Michoro yao ya kwanza haitakuwa mizuri. Lakini itakuwa na kitu ambacho mbao nyingi za Gerard hazikuwa nacho, maana maneno na picha vitakuwa vya mtu mmoja, aliyesimama mbele ya mti wake.